Misumari ya Shaba kwenye Gari la Maalim

Wanangu, mkiletewa gari la zamani, laleni chini kwanza. Rangi itang'aa, vioo vitang'aa, mwenye gari atakuchekea na kukusifia. Weye tandika gunia, ingia mvunguni, chukua bisibisi ugonge kwa mpini wake. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza hakijibu. Watu husema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sioni watu wanaostahiki methali hiyo kuliko sisi.

Nnakuoneni siku hizi. Mtu karithi gari la babu yake, anatazama video kwenye simu, anaagiza vipuri Uingereza, vinakuja sandukuni vimefungwa karatasi kama halua. Sawa, sina neno. Sisi tulikuwa na nyundo, kipande cha reli cha kufulia bati, na maneno mengi. Lakini kutu ni ile ile, na kwenye kutu simu haikusaidii kitu.

Hapa kwetu Unguja hewa yenyewe ina chumvi. Bati halidumu, bawaba hazidumu, gari ndiyo usiseme. Dawa ya wazee ilikuwa sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo vya baharini. Ukilipaka gari kwa chini, kutu haisogei. Wallahi haisogei. Na mtu naye hasogei. Nilipata kulipaka gari la bwana harusi mmoja wa Kikwajuni siku moja kabla ya harusi. Asubuhi alipokuja kulichukua, chini yake kulikuwa na paka wa mtaa mzima. Tukawafukuza, wakarudi. Tukawafukuza tena, wakarudi na wenzao. Bibi harusi alipanda kajiziba pua na mtandio. Mwaka mzima yule bwana akiniona njiani huvuta pumzi kwa nguvu, kisha hutikisa kichwa.

Kosa jengine ni kupaka sifa kabla ya rangi. Rangi haikai juu ya mafuta. Inajikunja, inaacha vishimo vidogo vidogo, na ukipiga msasa ukarudia, vishimo vinarudi. Mlango mmoja niliurudia mara tano. Mwalimu wangu, Mzee Yohana, alikuwa kakaa pembeni anakunywa chai. Nilipomaliza mara ya tano akaniuliza, "Makame, hivi huo mlango unaupaka rangi au unaukaanga?"

Huyu Mzee Yohana ndiye aliyenifunza kazi. Alikuja kijana kutoka bara, akakaa Michenzani kwenye majumba marefu, na gereji yake ilikuwa huko huko Ng'ambo, banda la mabati lisilo na kibao. Alikuwa Mkristo peke yake kati yetu, na mwezi wa Ramadhani akila nyuma ya ukuta, kisha anarudi kapangusa mdomo, ili asitutamanishe. Alikuwa fundi hodari, lakini kitu alichokiweza kuliko mafundi wote wa mji huu ni kukataa kazi. Ukimletea gari lililooza mahali pabaya na yeye hana gesi ya kuchomea, huchukua ufunguo wako akautundika ukutani. "Litakaa hapa mpaka gesi ipatikane." Utafoka, utamtaja mkubwa fulani, utaondoka kwa hasira. Ufunguo haushuki. Mie nikidhani ule ni ukaidi wa uzee. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na najiona fundi.

Sasa nije kwenye gari la Maalim Nassor.

Maalim ni mwalimu mstaafu, mtu wa Mkunazini, katika zile koo za Kiarabu zilizokuwa na mashamba zamani na sasa zina nyumba moja na heshima. Miaka miwili nyuma alinijia hapa Magomeni. Mie nshastaafu, lakini uani nina banda langu na zana zangu, maana mke wangu alisema nikikaa barazani siku nzima nitamtia wazimu. Maalim akaniambia anataka nimfufulie gari lake. Mjukuu wake anaolewa baada ya miezi minne, anataka atoke kwa gari la babu.

Likaja limeburutwa kutoka shambani Mwera, lilikokaa bandani tangu lilipopata ajali, zaidi ya miaka thelathini na mitano. Gari dogo la Kiingereza, mgongo wa mviringo, zamani watu wakiliita Kikobe. Kuku walikuwa washataga kwenye kiti cha nyuma. Tairi la mbele la kulia lilikuwa limejikunja kwa ndani.

"Sharti langu moja tu, Fundi," Maalim akasema. "Ukishamaliza, mtu yeyote alishike. Ila Zuwena. Zuwena asiusogelee usukani." Akacheka.

Mie nikacheka pia. Nimecheka, nakwambieni, na mkono uko juu ya boneti.

Bi Zuwena ni mdogo wake. Wakati wa ajali ile alikuwa mkunga hospitali, mwanamke ambaye hajaolewa, mwenye akili na maneno, na alikuwa katika wanawake wachache sana wa mji waliokuwa wakiendesha gari. Siku moja alimchukua mama yao kwenda Makunduchi kwenye hitima ya jamaa. Baada ya kupita Kitogani gari likaacha njia, likagonga mawe. Yeye hakupata kitu. Mama akavunjika nyonga. Nyumba yao ni ya ghorofa, na ngazi zile za nyumba za Mji Mkongwe mnazijua zilivyosimama. Mama yule alipandishwa juu kwa kubebwa, akaishi juu miaka kumi na moja, akateremshwa siku ya maziko yake. Zuwena alikuwa akisema usukani ulimkimbia. Nani atamsikiliza? Mwanamke na gari, kila mtu alishakuwa na hukumu yake. Kaka yake akamnyang'anya ufunguo mbele ya wageni waliokuja kumtazama mgonjwa. Hajashika usukani tena. Ziliingia posa mbili, akazikataa zote mbili. Alisema mama aliyemvunja yeye atamuuguza yeye.

Haya nilikuwa nayajua kama watu wote walivyoyajua.

Basi wiki ya kwanza nikatoa viti, nikatoa mazulia, nikawafukuza kuku. Wiki ya pili nikaingia chini. Mkono unaoshika tairi la mbele una mahali pake pa kufungia kwenye chesisi, na hapo ndipo palipokatika. Palikuwa pamezibwa kwa lami. Nikakwangua lami, ikatoka saruji. Nikavunja saruji kwa tindo, ikatoka pamba iliyoshindiliwa, halafu kipande cha debe la samli. Halafu nikaona kijani. Vichwa vya misumari, vya mviringo, kimoja kimoja, vimeota kijani.

Nikatoka mvunguni nikakaa chini.

Ile ilikuwa misumari ya shaba. Baba yangu alikuwa fundi wa mashua, na alikuwa na kopo la misumari ya shaba iliyobaki kwenye mashua moja ya Kizungu aliyoitengeneza. Alipofariki kopo nikalirithi mie. Unguja nzima hakuna fundi wa magari aliyekuwa na misumari ile isipokuwa mie.

Ilikuwa hivi, miaka ile kabla ya ajali. Mzee Yohana alikuwa kasafiri bara kumzika nduguye. Maalim akaleta gari, linagonga kwa mbele. Nikalala chini, nikaona pameoza. Gesi hamna, hata kabaidi ya kutengenezea gesi hamna mji mzima. Mzee Yohana angelitundika ufunguo. Maalim akaniambia, "Makame, unashindwa na tundu?" Lo! Neno hilo tu. Nikaona nitamwonesha. Nikafanya alivyokuwa akifanya baba: nikaweka debe, nikapiga misumari ya shaba, nikaishindilia pamba yenye sifa kwenye nyufa, nikafunika kwa saruji na lami. Nikakalafati gari kama mashua. Lilitoka linakwenda kimya kama jipya, na mie nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Kwenye ubao, shaba ni bora. Lakini shaba na chuma zikilala pamoja kwenye chumvi, shaba inabaki nzima na chuma kinaliwa. Hili kila fundi analijua, na mie nililijua baadaye, kazini, kwa kuliona kwenye mabomba. Kila pahala nilipopiga msumari ule, chuma kilianza kuliwa siku ile ile. Ajali ilitokea mwezi wa saba baada ya kazi yangu. Nilipokuja kukwangua, kuzunguka kila msumari palikuwa na tundu la kupitisha kidole.

Usukani ulimkimbia kweli. Mkono wa tairi uling'oka.

Mzee Yohana aliporudi safari aliniuliza gari la Maalim nimelifanyaje. Nikamwambia nimelichomea. Akanitazama, maana alijua gesi haipo, kisha akaenda kubadilisha nguo za safari. Habari ya ajali ilipofika gerejini akaniuliza tena, "Huendi kulitazama?" Nikamjibu, "La kutazama nini? Bi Zuwena kapiga mawe, mji mzima unasema." Na nikaongeza mzaha wa wanawake na magari, wenzangu wakacheka. Mzee Yohana hakucheka. Alinigeuzia mgongo, akaendelea na kazi yake.

Mkiniuliza kama nilikuwa najua, nitakwambieni kwamba niliogopa kujua. Kwenda Mwera kutazama ni mwendo wa asubuhi moja. Sikwenda. Miaka ikapita, nikajenga nyumba, nikasomesha watoto, nikapata jina la fundi asiyedanganya. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kifo kilikuwa kinachelewa, na mie nikazoea.

Sasa kile kipande chenye misumari kiko mbele ya macho yangu. Nikawaza: nichukue grenda, nikikate, nikitupe jalalani pamoja na lami yake. Maalim hajui chesisi wala mkono wa tairi. Nikichomea bati jipya, habari imekwisha. Nikakikata. Nikapachomea upya vizuri, bati nene, mshono mrefu, ule mshono wa Mzee Yohana wa kwenda kidogo kidogo ili chuma kisijipinde. Kipande kile nikakiweka kwenye kopo la rangi, nikalifunika. Sikukitupa, na sikukisema.

Wiki tano. Maalim akija kila siku baada ya sala ya Alasiri, anakaa kwenye kiti cha plastiki, ananisifu. "Mikono ya zamani hiyo!" Mie nanyoosha mlango. Wanangu, kuna kazi tamu kwenye kufufua gari, nayo ni kunyoosha bodi. Unapitisha kiganja umefumba macho, maana jicho linadanganywa na mwanga lakini kiganja hakidanganywi. Bonde unaligonga kwa ndani, kilima unakigonga kwa nje, mpaka unafika pahala mkono unapita bila ya kuuliza. Zamani nikiwa kwenye kazi ile nasahau njaa. Safari hii sikusahau chochote.

Mke wangu, Mwanajuma, akalifungua kopo akitafuta rangi ya kupaka dirisha. "Hichi nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, maana Mwanajuma ukimwambia nusu anaitoa nusu nyengine kwa koleo.

"Na Bi Zuwena anajua?"

"Hajui."

"Unangoja afe?"

"Mwanajuma..."

"Nakuuliza. Unangoja afe yeye au unangoja ufe weye? Maana mmoja katika nyinyi lazima aende na uongo huu kaburini, na sioni kwa nini awe yeye."

Akafunika kopo, akaenda zake jikoni.

Siku mbili baadaye Bi Zuwena akaja mwenyewe. Sikumwita. Kaka yake alikuwa kamwambia gari limeshapakwa rangi, naye akataka kuliona kabla ya harusi. Mwanamke wa miaka zaidi ya sabini sasa, buibui, miwani, mgongo bado umenyooka.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Bi Zuwena. Shikamoo."

"Marahaba, Fundi. Hujambo? Watoto hawajambo?"

Akalizunguka gari polepole. Akasimama upande wa kulia, akaweka kidole kwenye rangi, akakiondoa upesi.

"Usukani umeutazama?" akaniuliza.

"Nimeutazama. Mzima."

"Ulikuwa na ila yoyote?"

"Hapana, bibi. Usukani haukuwa na ila."

Akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekuwa anajua jibu. "Basi nililala," akasema. "Mwanzo nikisema ulinikimbia. Halafu nikajiambia, Zuwena, usukani haukimbii. Ulikuwa umetoka zamu ya usiku, ulikuwa umechoka, ulilala ukamvunja mama yako. Nshazoea sasa. Nilitaka tu kuuliza."

Nimeona ajali nyingi katika kazi hii, na watu waliokufa ndani ya vyuma. Sijapata kuona haya namna ile. Nikaenda kuchukua kopo, nikamtolea kile kipande, nikamwekea mikononi.

"Hukulala," nikamwambia. "Chuma kilikatika. Na hii ni kazi yangu."

Nikamweleza pale pale, tumesimama. Debe, misumari, mwezi wa saba, Mzee Yohana alivyoniuliza na nilivyomjibu. Hata ule mzaha nilimwambia. Alisikiliza kama wakunga wanavyosikiliza, haoneshi uso. Nilipomaliza akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki cha kaka yake.

"Miaka yote," akasema, "kila nikimaliza sala namwomba Mungu anisamehe kwa kosa lile. Sikosi. Sasa dua zangu zote zile, Fundi, nikazidai kwa nani?"

Nikamletea maji.

Tukakaa hivyo mpaka Maalim akaja kwa wakati wake wa kila siku. Akashangaa kumkuta dada yake, akaanza mzaha, "Ala! Nani kamruhusu huyu karibu na gari langu?" Bi Zuwena akampa kipande. Ikawa mie wa kueleza mara ya pili, na mara ya pili ni nzito zaidi.

Maalim akakigeuza kile kipande. Akagusa kichwa kimoja cha msumari. "Nilimwambia anashindwa na tundu," akasema, akijisemea mwenyewe, si kwangu. Halafu akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa ufunguo wa gari, akamsogezea dada yake.

"Chukua, Zuwena."

"Ulininyang'anya mbele ya watu."

"Naam."

"Basi kunirudishia huku uani si hivyo, kaka."

Mzee wa miaka karibu themanini yule akarudisha ufunguo mfukoni, akaondoka kwa miguu. Siku ya harusi, mbele ya jamaa wote walioshuka kumtoa mwali, wengine wametoka Maskati, akasimama barazani akasema kwa sauti kwamba miaka ile alimdhulumu dada yake, kwamba gari lilikuwa bovu na yeye Zuwena hakuwa na kosa, na kwamba anamwomba radhi. Akampa ufunguo. Watu wengine hawakujua hata anazungumza nini. Waliokuwa wanajua walilia. Mie nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na buti, nimeshika kitambaa cha kufutia vumbi, na Maalim hakulitaja jina langu. Alinistiri. Ningelipenda anitaje.

Nilitaka kupeleka wazee kwa Bi Zuwena, kama desturi yetu ilivyo, watu wazima wawili watatu wakaniombee msamaha. Akapata habari, akamtuma mtoto wa jirani na maneno: nisimtumie mtu. Yeye akinisamehe atakuja mwenyewe kuniambia.

Mafunzo ya kuendesha aliyaanza upya, pamoja na vijana wa miaka ishirini. Wanasema mwalimu wake alikuwa akimwogopa. Akapata leseni. Kaka yake akamwachia gari moja kwa moja, na yeye kila Alhamisi asubuhi huwa anakwenda Makunduchi kwa jamaa zake, safari ile ile. Njia inapita mbele ya nyumba yangu. Nikiisikia injini, maana nnaijua, hutoka nje nikasimama kizingitini. Miezi mingi alikuwa akipita bila ya kugeuza shingo.

Alhamisi iliyopita alipunguza mwendo, akanitazama, kisha akatia gia akaenda zake.